Nafasi Moja Ubelgiji, Sehemu ya Tisa: Karatasi ya Saba

Juma lililopita tulimwacha Olive na mkono wake mzima ndani ya kabati la chuma lisilo lake, katika ukumbi wa watoto wa Katuba, na nyuma yake sauti ikiuliza: "Ni nani iko mule?"

Wengi mliapa kwamba ni padri. Wengine mkasema mlinzi. Poleni nyote. Lilikuwa balaa kubwa kuliko padri. Alikuwa Précieuse, mwenye kabati.

Olive aligeuka polepole, kama mtu anayegeuka mbele ya mbwa asiyemjua. Farde ya buluu, jalada la makaratasi, ilikuwa imekwisha kuingia chini ya liputa yake, kile kitenge cha kujifunga, imebanwa kiunoni kwa mkanda. Ndani yake karatasi saba. Kila alipovuta pumzi zililia kra, kra.

"Ni miye," akasema, akisingizia penseli nyekundu. "Minatafuta crayon rouge."

"Crayon rouge?" Précieuse akacheka. "Si weye njo mwenye bacrayon yote ya hii salle! Olive, roho inakudunda ju ya ile entretien. Kuya tukule kwanza."

Akaweka mezani sahani ya mikate ya moto, ile ya kukaanga, imefunikwa kitambaa safi. Kisha akatandaza juu ya kiti blauzi mpya ya kitenge cha wax, rangi ya chungwa.

"Na hii?"

"Ya kwako. Ile yako nyeupe itakuharibu mu kamera. Bale bazungu batasema uko mugonjwa, batakutuma hospitali pa fasi ya université."

Hapo, msomaji, ndipo penye kidonda. Adui akikuchukia, unamchukia na wewe, mnalala usingizi mzuri wote wawili. Lakini mtu unayemwibia, naye anakuletea mikate! Olive aliuma mmoja, akaurudisha kwenye sahani na alama ya meno yake.

Kwa aliyelikosa gazeti: nafasi ni moja. Chuo kimoja cha Liège kinachukua mtu mmoja tu kutoka Katanga akasomee shahada ya pili ya tiba kwa sanaa, yaani ile kazi ya kumkalisha aliyeumia moyoni mbele ya karatasi na rangi, mpaka mkono wake useme kile mdomo umekataa kusema. Waliofika mwisho wa mchujo ni wawili, marafiki wa kula sahani moja. Leo ndiyo siku ya entretien, yaani kuhojiwa kwa kompyuta. Olive saa nne asubuhi, Précieuse saa nane mchana.

Olive ndiye mwenye diploma ya uchoraji. Précieuse, mwalimu wa darasa la tatu, hachori hata kuku akajulikana kuwa kuku. Na tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, Bukavu ikafuata, watoto wakaanza kumiminika Lubumbashi kwa wajomba na shangazi zao, nani alikwenda kumwomba padri wa Katuba afungue ukumbi wakae wachore? Olive. Nani alimwita Précieuse aje asaidie kufua brashi? Olive.

Na barua ya sifa kutoka Ubelgiji ilimsifu nani? Hamhitaji kujibu.

Barua ya Olive nayo ilifika. Ilikuwa na mstari mmoja aliokwisha kuujua kwa moyo kama Baba Yetu: "Katika michoro ya watoto wako kumi na wawili tumeona mkono wa mtu mmoja." Kweli, Olive aliwasahihisha. Nyumba ikipinda, aliinyoosha. Jua likiwa dogo, alilikuza. Michoro ilipendeza hata padri akaibandika ukutani. Sasa anaambiwa kupendeza ni kosa!

"Na weye utabaonyesha nini saa munane?" akauliza, akijitia hajali.

"Mi sina kya kuonyesha."

"Na mapicha ya Tracy?"

"Tracy hajasema ndiyo. Picha ni ya ule mwenye aliichora, Olive. Miye hata kuigusa siigusake. Ye mwenyewe anaiingizaka mu farde, ye mwenyewe anafunga. Mi nashikaka tu ufunguo."

"Mais hasemake, ule mutoto! Atasema ndiyo na mudomo gani?"

"Basi nitangoja."

Nitangoja! Hivyo tu, kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Na huyo Tracy unamjua: mtoto wa miaka tisa, mpwa wa Kasereka, yule mfanyabiashara wa jumla mwenye asili ya Butembo. Wiki tatu zilizopita malori mawili yalitoka Kilwa, ile ya ziwa Mweru, pamoja. Tracy alikuwa katika la kwanza, ambalo lilikuwa limebakiza nafasi ya mtoto tu. La pili lilizama pale daraja la miti lilipokatika kwa mvua, mbele ya macho yake. Watu wakasema mama yake alikuwa humo, maana angekuwa wapi? Kasereka alimlilia dada yake, akaweka matanga, akayamaliza. Tangu siku hiyo mtoto hajatoa neno. Anapaka karatasi nyeusi, mwanzo mpaka mwisho. Wiki tatu, karatasi saba, nyeusi zote.

Na Précieuse hukaa karibu naye, kimya, anamenya karanga. Hiyo ndiyo "kazi nzuri ajabu" iliyosifiwa na Wabelgiji. Kumenya karanga!

Olive akaivaa ile blauzi, akainuka. Kra, kra.

"Nini inalia vile?"

"Jupon yangu," Olive akasingizia gaguro lake. "Niliitia amidon mingi, ule wanga wa kupiga pasi."

"Ee mama, unaenda kama bibi arusi!" Précieuse akamkumbatia kwa nguvu. Karatasi zikapiga kelele katikati ya matumbo yao mawili, na Olive akafumba macho, akingoja mbingu ianguke. Haikuanguka. Mbingu ya Katanga ina uvumilivu.

Nje, Édouard alikuwa ndani ya gari. Ni mchumba wa Olive wa miaka minne, mtu wa kushughulikia makaratasi ya mizigo kwenye forodha ya Kasumbalesa, shati limenyooka daima. Alimtazama Olive ndani ya blauzi ya chungwa na swali lake la kwanza likawa:

"Précieuse bado iko mule?"

Si "umeamkaje". Si "umependeza".

"Iko. Unamutaka?"

"Hapana, chérie. Niliuliza tu."

Waliposhika njia ya mjini walikuta watu wamesimama msururu mbele ya benki tangu alfajiri. Wengine walisema waasi wako Kalemie. Wengine walisema Moba. Mama mmoja wa mboga alisema kwamba wameonekana Mitwaba, wakinunua mihogo. Kila mtu alikuwa na habari, na hakuna aliyekuwa na habari moja na mwenzake. Lori la askari likapita, wakaliachia njia.

Simu ya Édouard ikalia. Jina likawaka kwenye kioo: Précieuse.

Édouard akaiweka sikio la kushoto, la upande wa dirisha. Wanawake, mnalijua sikio hilo.

"Ndiyo… Saa ine na nusu, sawa… Hapana, hajue kintu… Mi nitapanga na bantu bangu kule. Usiogope."

Akakata. Akapiga honi bila sababu.

"Nani hajue kintu?" Olive akauliza.

"Mambo ya kazi."

"Ya kazi. Na Précieuse. Tangu lini anauza makontena?"

"Olive, umalize kwanza entretien yako. Nyuma tutasema."

Akanyamaza. Lakini ndani, ee ndugu, mle ndani palikuwa na soko zima. Aliwaona wawili hao wamekaa mahali, wanakunywa kitu baridi, wanamcheka. Précieuse amemchukulia barua ya sifa. Amemchukulia mtoto wa ajabu. Sasa amchukulie na mwanaume mwenye shati la kunyooka! Akabonyeza farde kiunoni. Kama alikuwa na haya kidogo ya wizi asubuhi ile, haya hiyo ilishuka garini kabla ya kufika ofisini.

Ofisi ya Édouard iko ghorofa ya pili katikati ya mji. Umeme ulikuwa umekwenda zake, jenereta inanguruma uani. Saa nne kamili kompyuta ikawaka, na nyuso mbili zikatokea: Madame Annie, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, na Profesa Antoine, kijana wa mvi za mapema aliyeandika bila kuinua kichwa. Walisema Kifaransa. Nawawekea kwa lugha ya nyumbani.

"Mademoiselle Olive, utatuonyesha kazi ya mtoto mmoja?"

"Ndiyo, madame." Akafungua farde ya buluu. "Anaitwa Tracy."

Akazipanga, moja baada ya moja. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi.

Sasa ni lazima mjue kitu kimoja juu ya Olive. Amekulia katika nyumba ya fundi wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, na katika salon yao, yaani sebule, ilitundikwa picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Mgeni akiingia, haachiwi aitazame hivihivi. Hapana. Baba anainuka, anashika bilauri yake, anaanza: huyu alitoka mto gani, alimtajirisha nani, alimmaliza vipi. Katika nyumba za Lubumbashi picha isiyosimuliwa ni uchafu ukutani tu. Olive alinyonya jambo hilo pamoja na maziwa.

Basi akasimama, akasimulia.

"Hapa, madame, ni Goma, usiku ule wa mizinga. Hapa, angalia brashi inavyokwenda mbio, ni ziwa, watu wanagombania mashua. Hii ya nne ni lori, mmeona ule uzito wa chini? Hii ya sita ni maji. Maji yanayommeza mama. Na hii ya saba…" Hapo aliiamini hadithi yake mwenyewe. "Hii ya saba ni kaburi. Mtoto amemzika mama yake."

Profesa Antoine alikuwa ameacha kuandika. Madame Annie alivua miwani. Olive akasikia ushindi unampanda miguuni kama maji ya moto katika beseni.

"Yanasikitisha sana," akasema Madame Annie. "Na mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto hasemi, madame. Tangu ajali."

"Hasemi. Basi haya yote amesema nani?"

Jenereta ilinguruma. Olive akazinyoosha karatasi mezani.

"Mimi… nimeyaona, madame."

"Aa."

Hiyo "aa" ilikuwa fupi kuliko kisu cha jikoni, na kali vilevile.

Profesa Antoine akaingilia. "Tafadhali, ile ya saba. Inua mbele ya dirisha. Nataka kuona amepaka tabaka ngapi."

Olive akainua. Jua la Lubumbashi likapita ndani ya rangi ya maji, na pale kwenye kona ya chini, mtoto alipopaka nyepesi, vikaonekana vijimstari vimelala kinyume, kama nyayo za ndege.

"Kuna maandishi nyuma?" Madame Annie akauliza.

Akageuza. Penseli. Herufi za kujifunza, zimenyooka, kila moja imekandamizwa mpaka karatasi ikatoka alama:

*Mama hakupanda mu camion. Alibakia mugonjwa kwa bamasœur pa Kilwa. Alisema papa Kasereka aende kumukamata.*

Olive alisoma mara moja. Akasoma tena.

Hakuna aliyekuwa ameigeuza karatasi ile. Précieuse kwa heshima yake yote alikataa kuigusa. Olive kwa umahiri wake wote aliisimulia. Wiki tatu mwanamke mgonjwa anangoja Kilwa, kwa masista, kaka yake aje kumchukua, mnara wa simu wa kule umeanguka, na kaka yake anamaliza matanga.

"Mademoiselle? Kumeandikwa nini?"

Wazungu wale hawakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Katika dunia nzima, waliojua kilichoandikwa pale ni wawili: mtoto bubu na mwizi.

Na unajua wazo la kwanza la Olive lilikuwa nini? Si mama mgonjwa. Mungu amsamehe. Wazo la kwanza lilikuwa: Précieuse alishinda. Zile karanga, ule ukimya, kile "nitangoja" chake, vilikuwa vimefanya kazi. Mtoto alikuwa amesema! Nikiisoma kwa sauti, nimesaini mwenyewe tiketi ya Précieuse ya kwenda Liège.

"Ni tarehe, madame," akasema. "Tarehe tu."

Madame Annie akarudisha miwani puani.

"Nikwambie kweli, unasema mno. Hilo tutakufundisha kuliacha. Mwenzako ametuandikia asubuhi hii, amejitoa. Tumebaki na wewe peke yako. Thibitisha kwa maandishi kabla ya jioni, na nafasi ni yako."

Kioo kikazimika.

Nafasi ni yake! Basi mbona hakuruka? Mbona hakupiga vigelegele? Kwa sababu lilikuwa limebaki neno moja linamzunguka masikioni kama nzi. Amejitoa. Hakushindwa. Amejitoa. Yaani Olive amepewa makombo!

Akafungua mlango kwa teke. Édouard alikuwa koridoni, anapiga namba isiyopatikana.

"Précieuse alijitosha! Ju ya nini? Na usiniambie ni mambo ya kazi!"

Édouard akaangalia saa. Saa tano kasoro dakika kumi.

"Sawa. Sasa naweza kusema. Ye njo alikataza, alisema ukisikia mbele utavurugika. Ba Kasereka banamutuma Tracy Kampala leo, kwa dada yabo mwingine. Pa nyumba hakuna mwanamuke wa kumukomalisha, wa kumulea, na mama alikufa. Mutoto hakubali kupanda mu jeep na muntu mwingine, anashika tu mukono ya Précieuse. Donc Précieuse anamupeleka mpaka ng'ambo ya mupaka, ule dada anamungoja kule. Balitoka saa ine na nusu. Mi nilipanga makaratasi."

"Na entretien yake?"

"Alisema entretien zitakuyaka zingine. Mutoto anaendaka mara moja."

"Mutakatifu!" Olive akatema neno lile kama dawa chungu. "Mutakatifu Précieuse wa Katuba!"

Tuseme ukweli kati yetu. Angeweza kunyamaza. Karatasi angeichana vipande chooni. Jioni angeandika barua ya kukubali, mwezi wa tisa angepanda ndege, na mtoto mmoja zaidi angekulia Kampala akiitwa yatima. Mama angepona siku moja, angefika Lubumbashi akiulizauliza. Vita inabeba mengi. Nani angehesabu na hili?

Lakini Olive hakuweza. Wala msimpambe kwa maua mapema. Kilichomsukuma kwanza haikuwa huruma. Ni kwamba hakuvumilia kuachiwa. Kumshinda Précieuse, sawa. Kupewa na Précieuse, kama blauzi, kama mikate? Heri afe! Wivu ndio uliotoka mlangoni mbele, dhamiri ikafuata nyuma ikihema.

Akamsukumia Édouard karatasi kifuani. Édouard akasoma.

"Mama yake iko muzima? Olive… ulitosha wapi hii?"

"Endesha gari."

"Inatokaka mu kabati ya Précieuse, hii. Ye pekee njo iko na ufunguo…"

"Ufunguo alisahau pa meza jana. Sasa unajua. Utaniachaka kesho. Leo endesha!"

Waliendesha. Simu ya Précieuse haikupatikana kabla ya kituo cha ushuru wa barabara, wala baada yake. Kwa kilomita tisini Édouard alikanyaga mafuta tu. Olive aliikunja mikono juu ya farde na kutazama shingo yake, shingo aliyoipenda miaka minne, imekakamaa kama nguzo.

Kasumbalesa, pale mpakani, ilikuwa imejaa malori mpaka vilimani, pua ya moja kwenye mkia wa jingine. Wakaacha gari, wakakimbia katikati ya magurudumu. Moshi wa dizeli, honi, wabadilisha pesa, akina mama na ndoo za mayai ya kuchemsha. Kiatu kimoja cha Olive kikabaki chini ya lori.

Kizuizi cha kwanza. Nyuma yake, hatua mia hivi, kwenye kile kipande cha barabara kisicho cha nchi yoyote, Précieuse alikuwa anatembea na sanduku kichwani. Mkononi mwake kitoto chenye gauni la manjano. Jeep ilikuwa imekwama kati ya malori, nao wameamua kwenda kwa miguu. Paspoti zilikuwa zimekwisha kugongwa muhuri.

"Précieuse!"

Nani asikie? Malori mia mbili yalikuwa yanasikika kabla yake.

"Précieuseee!"

Kizuizi cha pili, cha Zambia, kilikuwa kinainuka.

Palikuwa na njia moja tu. Olive alipanda juu ya jiwe la mpakani, akaichomoa karatasi ya saba, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Ukurasa mweusi, mkubwa, mbele ya madereva, askari, wauza mayai na Mungu.

Sauti haikufika, lakini weusi ule ulifika. Mtoto ndiye aliyegeuka kwanza. Akasimama kama aliyepigwa jiwe. Précieuse naye akageuka, akatazama karatasi, kisha akatazama aliyeishika, na hata kwa umbali ule Olive aliona uso wake ukielewa.

Tracy aliuachia mkono. Akakimbia kurudi, akapita chini ya kizuizi kabla askari hajafungua mdomo, akafika mbele ya Olive. Alikuwa anahema. Akanyoosha mkono.

"Ni yangu," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa ghala uliofungwa muda mrefu. Édouard akaondoa kofia.

"Ni yako," Olive akasema. Akampa. "Niliiba."

Précieuse akafika, sanduku amelitupa huko. Tracy mwenyewe, kwa vidole vyake, akaigeuza karatasi na kumpa. Précieuse akasoma. Akakaa pale pale kwenye vumbi, na mtoto akamwangukia shingoni, wakalia wote wawili kwa sauti moja.

Na Olive, na kiatu chake kimoja? Alikuwa ameokoa mtu, si ndiyo? Basi bado lilimchoma lile kumbatio. Alitamani mtoto angemwangukia yeye. Wivu hauna aibu, ndugu zangu. Unakula hata mezani pa msiba.

"Ulisoma saa ngapi?" Précieuse akauliza kutoka chini.

"Saa ine. Mbele ya jury."

"Bakauliza nini imeandikwa?"

"Nikabaambia ni tarehe."

Précieuse alimgeuzia mgongo, akampangusa mtoto machozi. Laiti angempiga kofi. Kofi lina mwisho.

Olive akatoa simu. Mtandao wa Zambia ulikuwa na nguvu kuliko wetu. Akamtumia Madame Annie ujumbe wa sauti, mbele yao, kwa Kifaransa cha haraka: kwamba haikuwa tarehe, kwamba michoro aliiba, kwamba mtoto alikuwa amesema na aliyemfanya aseme ni Précieuse, na kama nafasi bado ipo, mwenyewe yupo hapa, amekaa chini, ana vumbi lakini ni mzima. Akabonyeza kutuma kabla wivu haujamshika mkono.

"Twende," Édouard akasema. "Pa posti kuna phonie. Bamasœur ba Kilwa beko na yabo."

Katika chumba kidogo cha forodha, mashine ya phonie, ile redio ya kuongea na mbali, ilikohoa, ikapiga mluzi. Kilwa, Kilwa, munasikia? Dakika kumi. Mwishowe sauti ya sista mmoja, nyembamba, inakuja na kuondoka:

"…Ndiyo, mama Masika, mama yake Tracy. Alikuwa huku kwetu. Alipona, Mungu asifiwe. Alitoka jana asubuhi."

"Alitoka na nani, ma sœur?"

"Na mwanaume mmoja mwenye gari. Alisema ametumwa na kaka yake, Kasereka wa Lubumbashi."

Kasereka alikuwa amemaliza matanga. Nani hutuma gari kwa mtu aliyekwisha kumzika?

"Ni ule," Tracy akasema. "Ule wa pa camion. Ye njo alitupanga mu malori."

"Ni nani, chérie? Jina yake?"

Mtoto akatikisa kichwa. Jina hakulijua. Akavuta kalamu mezani, akageuza fomu ya forodha upande mweupe, akainama. Si weusi safari hii. Paji la uso. Sikio moja limekatika ncha. Kidevu kimekwenda pembeni mno, na Olive akasikia vidole vyake vinawasha kukinyoosha. Akavibana kwapani, akaacha mkono wa mtoto uende ulikotaka.

Macho yakaja mwisho. Mdomo. Uso ukawa umekamilika, unawatazama wote kutoka kwenye fomu.

Olive hakumjua. Précieuse hakumjua.

Lakini Édouard alikuwa ameinama juu ya bega la mtoto, na Olive aliona uso wake ukipauka. Yeye alimjua. Aliinuka, akachukua ufunguo wa gari mezani, akatoka mlangoni bila kuaga. Alipofika nje, mbele ya malori yale yote, mtu wa shati la kunyooka akaanza kukimbia.